Jumamosi ya Anthula

Zisis, mwenye mgahawa, aliwaweka kwenye meza iliyo karibu na mlango wa jikoni, na Anthula akajifanya hajaona kitu. Miaka yote walikaa nje, upande wa bandari, ambako mtu akiinua uso anaziona meli za kwenda visiwani. Sasa walikaa mahali ambapo kila mhudumu aliyetoka na sahani aliwapiga kumbo. Alimvua mumewe koti, akalitundika kwenye kiti, akamfunga kitambaa shingoni asije akajichafua, kisha akakifungua tena kwa sababu watu walikuwa wanatazama.

"Mzee Stergios, habari za leo?" Zisis aliuliza kwa sauti kubwa, kama anayesema na kiziwi.

"Njaa," Stergios alijibu. "Lete kichupa."

"Kimeshakuja, Mzee. Hicho hapo mbele yako."

"Basi lete kingine."

Kwa Zisis, kama kwingine kote mjini Volos, mteja huagiza kichupa cha pombe ya zabibu, na kila kichupa huja na kisahani chake cha chakula. Ni chakula gani, wanajua wenyewe huko jikoni. Anthula alimtazama Zisis, akatikisa kichwa taratibu. Zisis akaelewa, akaleta kichupa cha maji na kisahani cha kome. Ilikuwa Kwaresima, nyama hakuna, lakini vya baharini visivyo na damu vinaruhusiwa, na watu walikuwa wamejaa.

Meza kubwa ya katikati ilikuwa ya msichana mmoja aliyekuwa akisherehekea siku yake ya kuzaliwa. Rafiki zake walikuwa na makelele, mama yake amevaa dhahabu mpaka kwenye viwiko. Keki ilipoletwa, mishumaa ikawaka, na watu wote wa meza ile wakasimama kuizunguka.

Stergios aliacha kutafuna. Aliitazama mishumaa, akawatazama watu waliosimama vichwa vimeinama ili wapige picha. Akafuta mdomo. Akasimama, akafanya ishara ya msalaba, na kabla Anthula hajamshika mkono akaanza kuimba.

Alikuwa mwimbishaji wa kanisa la mtaani kwao tangu ujana wake. Vitu vingi vilikuwa vimemtoka, lakini sauti ilikuwa haijamtoka. Mgahawa mzima ulinyamaza. Vijana walidhani ni zawadi, wakatabasamu, wakainua simu zao. Mama wa msichana ndiye aliyekuwa wa kwanza kuutambua wimbo ule: ni ule wa kuaga maiti, ule unaomwombea marehemu asisahaulike milele.

"Ptu! Ptu! Ptu!" alijitemea kifuani kufukuza mkosi. "Unamzika mwanangu? Wewe babu, unamzika mwanangu mchana kweupe?"

"Samahani, mama," Anthula alisema. "Ni mgonjwa. Hajui."

"Mgonjwa anakaa nyumbani!"

"Mungu ampumzishe," Stergios alimwambia msichana kwa upole mkubwa, akarudi kukaa, akachukua kome mwingine. Msichana alikuwa ameanza kulia. Vijana wawili walikuwa wanacheka huku bado wanarekodi.

Zisis aliwasindikiza mpaka nje. Alikuwa akijifuta mikono kwenye aproni ingawa ilikuwa mikavu.

"Dada Anthula, unajua namheshimu Mzee. Aliimba kwenye ubatizo wa wanangu wote."

"Najua, Zisis."

"Nilikuwa nafikiri, mngekuwa mnakuja Jumanne. Saa kumi hivi. Pametulia. Nitamkaangia ngisi kwa mkono wangu mwenyewe. Ni kwa heshima yake."

"Jumanne saa kumi hata paka wako hayupo, Zisis."

Zisis akatazama viatu vyake. Stergios, aliyekuwa ameshikwa mkono kama mtoto anayevushwa barabara, akamwuliza mkewe kama mazishi yamekwisha.

*

Kesho yake ilikuwa Jumapili, na Jumapili ilikuwa ya Stergios. Hayo yalikuwa makubaliano ya ndoa yao, ingawa hawakuwahi kuyatamka: Jumamosi ya mke, Jumapili ya mume. Anthula alikuwa amepika maisha yake yote kwenye jiko la hospitali, kwenye masufuria ambayo mtoto angeweza kuogelea ndani yake. Kitu pekee alichotaka duniani ni kukaa chini mara moja kwa wiki na mtu mwingine amwekee sahani mbele. Yeye na Mungu hawakuwa na ugomvi, lakini hawakuwa na mazungumzo pia. Kanisani alikwenda kumsikiliza mumewe. Mumewe naye, hivyo ndivyo alivyoamini siku zote, alikwenda kwa Zisis kwa kulipa fadhila tu. Alikaa pale anakunywa kidogo, anakula kidogo, anasubiri waondoke.

Alimnyoa, akamvalisha suti nyeusi, akampeleka. Stergios alipanda kwenye kizimba cha waimbaji kama mtu anayepanda kitandani kwake. Apostolis, mwimbaji kijana aliyemfundisha mwenyewe, alimsogezea kitabu, akamwekea kidole kwenye mstari. Nusu saa ya kwanza ilipita vizuri. Anthula alianza hata kusinzia.

Katikati ya wimbo wa makerubi, pale ambapo hata watoto hunyamaza, sauti ya Stergios ilikata kona. Kwanza tuni iliteleza kidogo, kisha maneno, na ghafla alikuwa anaimba habari za mwanamke mwenye macho meusi aliyemwacha mpenzi wake gatini na kuondoka na fundi makanika. Aliuimba vizuri, kwa uchungu wake wote. Hilo ndilo lililokuwa baya. Apostolis alipaza sauti ili amfunike. Stergios akafikiri anasaidiwa kuimba, akafurahi, akapaza yake zaidi. Mwanamke mmoja nyuma alicheka kwa pua, kisha akajikohoza.

Baada ya ibada, Padri Lukas alimwita Anthula kwenye chumba cha pembeni, panapowekwa vikapu vya mkate. Alikuwa padri kijana mwenye watoto wanne, ndevu bado hazijamjaa vizuri mashavuni.

"Kaa, Bi Anthula."

"Nitasimama, Baba. Nikikaa sitainuka."

"Wiki Kuu inakaribia. Watu watajaa mpaka uwanjani. Nilikuwa naona... Mzee angekaa huku chini, na waumini wengine. Mbele kabisa, bila shaka. Si adhabu. Ni kwa heshima yake."

Anthula akacheka, kicheko kisicho na furaha.

"Hata Zisis kasema hivyo hivyo."

"Zisis yupi?"

"Wa mgahawani. Mume wangu anaheshimiwa sana siku hizi, Baba. Ataheshimiwa mpaka akose pa kukaa."

Padri alijipangusa uso kwa viganja vyote viwili, kama anayenawa. "Unaniona mtu mbaya."

"Nakuona umechoka. Watu waliochoka nawajua. Kila asubuhi namwona mmoja kwenye kioo."

"Namwombea kila siku. Naapa."

"Mwombee," Anthula alisema. "Na ukipata nafasi, niombee na mimi. Niombee usingizi tu, mambo makubwa mengine niachie."

*

Jioni ile binti yao, Vaya, alikuja na simu mkononi, hakuvua hata koti. Alikuwa keshia kwenye supamaketi moja upande wa pili wa mji. Baba yake alikuwa amekaa mbele ya televisheni, amezimiwa sauti, anaangalia mpira kama anayeangalia samaki.

"Umeiona hii video, Mama?"

"Nilikuwepo."

"Mji mzima umeiona. Wenzangu kazini wanaiweka kwa sauti, wanaimba naye. Meneja alicheka mpaka akashika kaunta, halafu akaniuliza kama namjua mzee huyu."

"Ukamwambiaje?"

Vaya akaanza kufungua vifungo vya koti, kimoja baada ya kingine, kama kazi ngumu.

"Nilimwambia simjui."

Anthula alikwenda akawasha jiko, akaweka maji ya chai ya mlimani, akarudi. Vaya alikuwa ameketi kwenye stuli ya jikoni analia bila kelele, kwa namna ya watu waliozoea kulia wakati wa mapumziko ya kazi.

"Tena katika Kwaresima," Vaya alisema. "Mimi mtoto wake."

"Usijitese. Hata mimi jana nilitamani niseme simjui. Tatizo nilikuwa nimemshika mkono."

Wakacheka kidogo wote wawili.

"Mama, ile nyumba ya watawa wanaotunza wazee, kule njia ya mlimani. Wana nafasi moja. Ni pasafi, nimepaona. Wana kanisa humo humo ndani. Hawatatusubiri mpaka mwaka kesho."

"Ana mke."

"Mke gani? Umejitazama? Juzi umelala ukiwa umesimama kwenye foleni ya duka la dawa. Dada mmoja kanisimulia."

"Usiniambie habari za nyumba ya watawa leo."

"Lini, basi? Akishaniunguzia mama yangu humu ndani na gesi?"

Kutoka sebuleni Stergios aliita, "Zisis! Huku tumesahauliwa?" Anthula akamjibu kwamba inakuja, akammiminia chai, akampelekea na biskuti mbili zisizo na maziwa. Aliporudi alikaa mbele ya binti yake, na kwa muda aliichezea kamba ya aproni.

"Nipe Jumamosi," alisema.

"Nini?"

"Jumamosi ya Lazaro, kabla ya Matawi. Huendi kazini. Kaa naye mchana tu. Nataka kwenda kula."

"Kula na nani?"

"Na mimi."

*

Zisis alimwona akivuka barabara peke yake, akatoka mlangoni haraka.

"Mzee yuko wapi? Kuna baya?"

"Yuko nyumbani na heshima yake. Mimi nimekuja na njaa yangu."

Zisis alimpa meza ya nje, akaifuta mwenyewe, akamwekea kitambaa cha nguo badala ya karatasi. Kichupa cha kwanza kikaja na kome waliopikwa na wali. Cha pili kikaja na pweza wa kuchoma, amenyunyiziwa siki. Watu wa meza za jirani walimtazama: bibi kizee, peke yake, na vichupa viwili mbele. Anthula aliwaacha watazame. Hakuwa na mdomo wa mtu mwingine wa kufuta. Hakuwa na mkono wa kuuzuia usitie kidole kwenye glasi ya jirani. Aligundua kwamba anatafuna polepole, kwamba pweza ana utamu karibu na ngozi, utamu ambao alikuwa ameusahau, na akajisikia kama mwizi aliyekaa juani na mali yake.

Simu ilipolia alijua kabla hajaitoa mkobani.

"Mama, Baba hayupo." Vaya alikuwa anakimbia, pumzi zake zilisikika. "Nilifumba macho kidogo tu. Naapa, Mama, kidogo tu, wiki nzima nimefanya zamu mbili. Mlango uko wazi. Hajavaa hata viatu."

Anthula alisimama. Kipande cha pweza kilikuwa bado mdomoni; hakujua akiteme au akimeze. Mbele yake kulikuwa na gati, ukingo wake hauna uzio, na maji ya kijani yakilamba mawe. Akawaza: nilikuwa nakula. Watauliza alipokuwa anazama mke wake alikuwa wapi, na jibu ni kwamba alikuwa anakula.

Zisis akatokea mlangoni na simu ya mgahawa, waya umemfuata mpaka mwisho wake.

"Dada Anthula! Padri Lukas huyu hapa. Kapiga nyumbani kwenu, hapokei mtu. Anasema Mzee yuko kanisani, mzima kabisa, ila anang'ang'ania kuniita mimi."

Anthula akajishika kwenye meza. Alimpigia Vaya kumwambia aende kanisani. Alipofungua pochi, Zisis aliufunga mkono wake kwa mikono yake miwili.

"Nenda," alisema. "Nenda, dada yangu. Na Jumamosi ijayo mje wote. Atakayelalamika atakula kwingine."

*

Kanisa lilikuwa tupu, linanukia majani mabichi. Karibu na mlango, kwenye meza ndefu, Padri Lukas alikuwa akitengeneza misalaba midogo ya majani ya mtende kwa ajili ya kesho, Jumapili ya Matawi. Rundo la majani lilikuwa limejaa mezani. Upande wa pili alikaa Stergios, ndara miguuni, koti juu ya nguo za kulalia. Mbele yake padri alikuwa amempangia chakula chake mwenyewe cha mchana: mkate, zeituni, na kibakuli cha dengu baridi. Alikuwa amejitupia taulo begani, kama mhudumu. Alipomwona Anthula aliona haya, akataka kuitoa, kisha akaiacha.

"Mboga hizi ngumu," Stergios alikuwa akisema, akigusa majani ya mtende. "Hazijaiva."

"Nitamwambia mpishi, Mzee."

"Na ndimu?"

"Ndimu zimetuishia. Utusamehe."

"Si neno, kijana wangu. Wewe ni mgeni hapa?"

"Mgeni kidogo," padri alisema.

Anthula akasogea, akavuta kiti kilichokuwa kando ya mumewe. Stergios akauweka mkono wake juu ya kiti kile.

"Samahani, bibi. Hapo pana mwenyewe."

Padri akainamisha kichwa, akaanza kusokota jani ambalo lilikuwa limeshasokotwa. Anthula alibaki amesimama. Kwa miezi mingi mumewe alikuwa amemwita kwa jina la mama yake, la dada yake, mara nyingine la Zisis. Lakini bibi, kama mtu baki, ilikuwa mara ya kwanza.

"Ni cha nani?" aliuliza.

"Cha mke wangu. Anakuja sasa hivi."

"Amechelewa?"

"Huyo? Kila siku." Stergios akacheka, akamkonyeza padri. "Anasema anavaa. Havai lolote! Anasugua mikono. Anaisugua kwa ndimu mpaka inamwasha, eti inanuka vitunguu vya hospitali. Mimi sisikii harufu yoyote. Ukimwambia, hasadiki."

Padri alileta stuli kutoka kwenye kizimba cha waimbaji, akaiweka upande mwingine wa meza. Anthula akakaa. Alimtazama mumewe kama mtu unayekutana naye safarini, ambaye unaweza kumwuliza kitu chochote kwa sababu hamtaonana tena.

"Na wewe, Mzee, unapapenda hapa kwa Zisis?"

"Mimi? Vyakula vyake vinanichoma tumbo."

"Sasa unakuja kwa nini?"

Stergios alimtazama kwa mshangao, kama ameulizwa kwa nini mvua inanyesha.

"Kumwona akila," alisema. "Wiki nzima anawapikia wagonjwa. Akirudi, ananipikia mimi. Hapa mtu akimwekea sahani, haigusi kwanza. Ananyamaza, anaitazama tu. Mimi nimezeekea kanisani, bibi. Sijaona mtu anasali vile."

Mlango ulisukumwa, Vaya akaingia, nywele zimemtapakaa usoni, ndara moja imekatika. Alipomwona baba yake alishika mdomo, akaegemea ukuta. Anthula aliinuka akamwendea. Walisimama pale mlangoni wameshikana, na Anthula akamnong'oneza ili asisikike mezani.

"Jumatatu tutakwenda kuiona ile nyumba ya watawa."

"Mama, si lazima Jumatatu..."

"Jumatatu. Nikichelewa nitabadili mawazo. Lakini uwaambie kabisa: Jumamosi tutakuwa tunamchukua. Nitakuja nimtoe mwenyewe."

Vaya akaitikia kwa kichwa. Padri Lukas alijifanya anahesabu misalaba.

Anthula akarudi kwenye stuli yake. Nje kengele ya saa iligonga, na Stergios akageuka kuutazama mlango, akangoja, akaona hakuna aliyeingia. Akaukata mkate vipande viwili, akasukuma kimoja na zeituni chache mbele ya yule bibi asiyemjua.

"Wewe kula, bibi," alisema. "Usimngoje yeye."

Anthula alikuwa ameshiba. Alikipokea kipande kile, akakitazama, akala.